Vipimo vya Kasoli, mashine ya mjini

Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kukabili makali ya UVIKO-19. Kazi ya ukubwa huo haiwezekani bila ramani za aina moja. TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa ramani, halmashauri huzishusha shuleni, mafundi wa hapo hapo hujenga. Faida za utaratibu huo ni kubwa: gharama inakadirika mapema, mkaguzi anajua anachokitafuta, na shule ya pembezoni haipewi jengo la hovyo kwa sababu tu haina msanifu jirani. Lakini ramani moja inapofika Kasoli, kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, inakuta mambo ambayo mchoraji hakuwa nayo mbele yake: udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, ardhi tambarare inayotuamisha maji, na jua la adhuhuri linalopita karibu na utosi mwaka mzima. Nani anaibadili ramani hiyo, kwa kipimo gani, na waliokabidhiwa usimamizi wa ujenzi watajuaje kilichobadilika? Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba usanifu wa vigezo, ukiunganishwa na modeli ndogo zinazokatwa kwa leza, unajibu maswali hayo matatu kwa pamoja, na unayajibu kwa sababu unaulazimisha mchoro kubeba sababu zake.

Katika mchoro wa kawaida, ukuta wa mita 9 ni mstari wa mita 9 na hakuna zaidi. Mstari huo haujui kwamba urefu wake ulitokana na idadi ya madawati, wala kwamba ukirefushwa kenchi zitaongezeka. Aliyechora anajua, akiondoka, ujuzi huo anaondoka nao. Usanifu wa vigezo hugeuza utaratibu: kinachohifadhiwa kwanza ni mahusiano, na mistari huzaliwa kutokana nayo. Urefu wa darasa unatokana na safu za madawati, idadi ya kenchi inatokana na urefu wa darasa, idadi ya mabati inatokana na kenchi na mteremko wa paa. Badili namba moja na mchoro wote hujipanga upya. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alilionesha mwaka 1963 kule MIT kwa programu yake ya Sketchpad, ambayo iliweza kushika masharti kama vile mistari miwili kubaki sambamba hata mmoja ukisogezwa. Lilienea mezani kwa wasanifu wa kawaida baada ya David Rutten kutengeneza Grasshopper mwaka 2007, programu inayomwezesha msanifu kuunganisha masharti kwa nyaya za kuchora kwenye skrini bila kuandika msimbo.

Leza nayo ina madai yake, na ni madai hayo yanayoonesha vizuri kuliko maelezo yoyote kwa nini vigezo vinahitajika. Mashine inayotumika zaidi kwa modeli ni ile ya gesi ya kaboni dioksidi. Mwali wake usioonekana kwa macho hufuata mistari ya faili na kuunguza plaiwudi, kadibodi ngumu au akriliki hadi kipande kitoke. (Vinili na plastiki yoyote ya PVC haikaribishwi humo: ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kulisha mashine kutu.) Mwali huo una unene wake. Njia unayoacha huwa kati ya milimita 0.1 na 0.3, kulingana na ubao, lenzi na kasi. Tena, plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 mara nyingi haifiki 3. Ukiipima kwa kalipa unaweza kukuta 2.8. Tuchukue darasa la mita 9 kwa 7 kwa nje, kwa skeli ya 1:50. Modeli itakuwa milimita 180 kwa 140, na ukuta wa sentimita 15 utakuwa milimita 3, yaani ubao mmoja. Kuta fupi mbili zinabanwa katikati na kuta ndefu mbili, hivyo ukuta mfupi ni 140 ukiondoa unene wa ubao mara mbili: kwa ubao wa 2.8 ni milimita 134.4. Mwali ukila 0.2, kipande kinapaswa kuchorwa 134.6 ili kitoke 134.4, na tundu la kupachika ubao linapaswa kuchorwa 2.6 ili litoke 2.8. Aliyechora kwa kudhani 3 kamili na kuusahau mwali atapata ukuta wa 133.8 na matundu ya 3.2, ambamo ubao wa 2.8 unacheza. Kosa la nusu milimita kwenye kona moja halionekani. Kwenye kona nne, sakafu, lenta na paa linalopaswa kukaa juu ya vyote hivyo, modeli inakataa kufunga.

Katika faili la vigezo, unene wa ubao na upana wa mwali ni namba mbili zilizoandikwa juu kabisa ya jedwali. Fundi wa mashine anakata kwanza kipande cha majaribio chenye matundu ya upana tofauti, anaona ubao unaingia vizuri lipi, anaandika namba hiyo, na matundu yote ya modeli hujirekebisha. Ubao ukiisha dukani na kubaki wa milimita 4, kazi ni ile ile. Anayechora kwa mkono, hata akiwa kwenye kompyuta, itambidi arudi kwenye kila kona na kuhesabu upya, na uzoefu wa kila karakana ni kwamba kona moja husahaulika.

Kuna jambo la tatu ambalo leza inalidai: kila kitu kiwe bapa. Tazama msonge wa Kisukuma. Aliyeujenga alichora duara kwa kigingi na kamba, na urefu wa kamba ukaamua mengine: miti mingapi ya ukuta, fito za urefu gani, nyasi kiasi gani. Ukitaka modeli ya paa lake huwezi kukata umbo la pia, lakini unaweza kukata kipande cha duara cha karatasi ngumu na kukizungusha hadi kingo zikutane. Paa lenye nusu kipenyo cha mita 3 na mteremko wa nyuzi 45 lina mkono wa mita 4.24 kutoka kileleni hadi ukingoni, na kipande bapa kinachofaa ni cha nyuzi 255. Mteremko ukipungua hadi nyuzi 30, mkono unashuka hadi mita 3.46 na kipande kinapanuka hadi nyuzi 312. Namba zote mbili hubadilika kwa pamoja, kila moja kwa njia yake, na hakuna jicho linaloweza kuzikisia. Faili lililobeba uhusiano huo linatoa kipande sahihi kwa mteremko wowote, na anayetaka kulinganisha nyasi na bati anaweza kukata mapaa matano kwenye karatasi moja na kuyapanga mezani.

Pingamizi la kwanza, na ni zito, ni kwamba kwa modeli moja yote haya ni mzunguko usio na faida. Mwanafunzi mwenye kisu kikali, rula ya chuma na kadibodi anaweza kumaliza darasa dogo kabla mwenzake hajamaliza kuandika masharti ya paa. Ni kweli, na walimu wa usanifu wanaosisitiza kazi ya mkono wana haki. Mkono hufundisha mambo ambayo skrini haiyafundishi. Kama Kasoli ingehitaji modeli moja ya jengo moja lisilorudiwa, ningependekeza kisu. Lakini kipimo cha njia hii ni idadi ya mara ambazo jambo moja litarudiwa kwa tofauti ndogo, na madarasa ya nchi hii ndiyo mfano wa wazi wa kitu kinachorudiwa maelfu ya mara mahali ambapo hapafanani.

Chukua upenu. Bariadi iko karibu nyuzi 2.8 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 26 hivi kutoka utosini. Mwishoni mwa Desemba liko kusini, nyuzi 21 hivi. Darasa lenye madirisha ya urefu wa mita 1.2 yanayotazama kaskazini na kusini, upenu wake ukianzia usawa wa juu wa dirisha, linahitaji upenu wa sentimita 59 kaskazini na 45 kusini ili jua la adhuhuri lisiguse kioo wala daftari. Peleka ramani hiyo hiyo Songea, nyuzi 10.7 kusini, na namba zinakuwa 81 na 27. Upenu wa sentimita 60 pande zote unaotosha Kasoli utawaacha watoto wa Songea juani upande mmoja huku ukipoteza bati upande wa pili. Tofauti nzima inatoka kwenye namba moja, latitudo, na hesabu inayoifuata ni ya sekondari. Ikiwa kiwanja kinalazimisha madirisha kutazama mashariki na magharibi, hesabu hiyo haifai tena kwa sababu jua la asubuhi na alasiri huingia kwa chini, na faili zuri linapaswa kukataa kutoa jibu badala ya kutoa jibu la uongo. Hilo nalo ni sharti linaloandikika. Ramani ya karatasi haiwezi kukataa chochote. Inajengwa kama ilivyo.

Hadi hapa msomaji anaweza kuuliza: ikiwa hesabu zimo kwenye faili, modeli ni ya nini? Kwa nini tusitoe ramani mpya iliyorekebishwa na kuishia hapo? Jibu liko kwenye namna shule zinavyojengwa. Chini ya utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida, maarufu kama fosi akaunti, shule huunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wajumbe wake ni wazazi, walimu na viongozi wa kijiji. Wanapokea mbao na kuzihesabu, wanakubaliana bei na fundi, wanakagua. Ni watu makini wenye uchungu na fedha ya watoto wao, lakini wengi hawakufundishwa kusoma ramani ya jengo, na sehemu inayofichika zaidi kwenye ramani ndiyo yenye hatari zaidi jengoni: kenchi, lenta, na kilicho chini ya sakafu. Modeli ambayo paa lake linafunuka, kenchi zikahesabika moja moja, na jamvi likainuka kuonesha msingi, inampa mjumbe uwezo wa kumwuliza fundi swali sahihi: hapa ziko saba, mbona umepandisha tano? Na modeli hiyo ikiwa imezalishwa na jedwali lile lile lililozalisha orodha ya vifaa, kinachoshikwa mkononi na kinachosomwa kwenye orodha haviwezi kupingana. Mchoro wa rangi wa kuvutia hauna uwezo huo.

Hata hivyo modeli nayo hudanganya, na anayeitetea ana wajibu wa kusema wapi. Mbao ya kenchi ya inchi 2 kwa 4, kwa skeli ya 1:50, ni kijiti cha milimita 1 kwa 2. Leza ikipita pande zote mbili za kijiti hicho inakichoma. Wengi huandika sharti kwamba chochote chembamba kinenepeshwe hadi kipimo kinachokatika, na modeli inatoka safi, lakini sasa inaonesha kenchi nene kuliko zitakazojengwa, na mjumbe wa kamati atazitazama na kuridhika. Ni bora kukata jengo zima kwa 1:50 na kenchi moja pembeni kwa 1:20, ambapo mbao hiyo inakuwa milimita 2.5 kwa 5. Na kila kilichonenepeshwa kichorwe alama juu yake kwa mwali hafifu, ili kisifichike.

Ardhi ni mtego mkubwa zaidi. Modeli za viwanja hutengenezwa kwa kupanga mbao juu ya mbao, kila ubao ukiwa tabaka moja la mwinuko. Kwa skeli ya 1:200 ubao wa milimita 3 ni sentimita 60 za ardhi. Mjini Mwanza, kwenye vilima vya mawe, hilo linatosha. Kwenye mbuga ya Bariadi kiwanja kizima kinaweza kushuka chini ya sentimita 60 kutoka ukingo hadi ukingo. Modeli itaonesha meza tupu, na maji ambayo yatasimama mlangoni mwa darasa hayataonekana popote. Wapo wanaotatua kwa kurefusha mwinuko mara tano, na bonde dogo likageuka korongo machoni pa watazamaji. Njia ya kweli ni kuanza na swali la ndani ya kiwanja (maji yanahama kwa tofauti ya sentimita ngapi?) na kuliacha liamue ubao na skeli: kadibodi ya milimita 1 kwa 1:100 inatoa tabaka la sentimita 10, na hapo mtaro wa kutolea maji unakuwa na maana. Katika faili la vigezo kubadilisha huko ni namba mbili. Lakini kujua kwamba zinapaswa kubadilishwa kunatoka kwa aliyewahi kuona maji yakisimama pale.

Pingamizi la pili linatoka kwa wahandisi. Modeli inayosimama mezani haithibitishi kwamba jengo litasimama. Wana haki kabisa, na hesabu yake ni rahisi: kwa skeli ya 1:20, vifaa vikiwa vya aina moja, jengo halisi lina uzito mara 8,000 ya modeli lakini eneo la kubeba uzito huo ni mara 400 tu, kwa hiyo mkazo ni mara 20. Udongo wa mbuga nao hauwezi kuigwa kwa plaiwudi hata kidogo. Modeli ni chombo cha kuelewana, kukagua na kuhesabu. Uimara unabaki kazi ya mhandisi, saini yake na vipimo vya udongo. Ninachokataa ni kulitumia pingamizi hilo kama sababu ya kuwaacha wanakamati gizani.

La tatu linahusu mtindo. Usanifu wa vigezo umejulikana duniani kwa majengo ya mawimbi. Patrik Schumacher, mshirika wa Zaha Hadid, aliutangaza kama mtindo mwaka 2008, na jengo la Heydar Aliyev mjini Baku ndilo picha inayokuja kichwani kwa wengi. Wanaohofia kwamba vijana wetu watarudi na mapaa ya mawimbi yasiyojengeka kwa bati la kawaida hawahofii bure. Ila chombo hakilazimishi umbo. Beda Amuli, msanifu wa Soko Kuu la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, alichukua umbo moja la zege kama mwavuli na kulirudia hadi likafunika soko zima, na utaratibu huo wa sehemu moja inayorudiwa kwa kanuni bado unaonekana kuwa wa kisasa kuliko mawimbi mengi. Darasa la Kasoli linahitaji nidhamu ya aina hiyo: mstatili, bati, tofali, na kila kipimo kikiwa na sababu.

La nne ndilo linalouma zaidi. Mashine za leza ziko mijini. Kigali ilifungua FabLab yake mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Nairobi kina yake, na Dar es Salaam ina Chuo Kikuu Ardhi na karakana za watu binafsi zinazochonga mabango na zawadi. Je, hatuandai tena mpango ambao kijiji kinapeleka mahitaji yake mjini na kusubiri kuletewa? Simiyu inaujua mpango huo vizuri, kwani ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huondoka ikiwa nyuzi tu na kurudi ikiwa nguo ya bei ya wengine. Tofauti ni kwamba hapa sehemu yenye thamani haisafiri. Mashine ni ya kukodi kwa saa. Ikifa Mwanza, faili lile lile linakatwa Arusha. Anayemiliki masharti na namba ndiye anayemiliki jengo, na namba hizo haziwezi kupimwa popote isipokuwa Kasoli. Programu nazo si kikwazo kama zamani: Grasshopper hufanya kazi ndani ya Rhino ambayo hulipiwa, lakini FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inasoma vigezo kutoka kwenye jedwali la kawaida. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na ujenzi ni mojawapo ya fani zake. Wanafunzi hao wanaweza kuandika jedwali la darasa wanalosomea kabla shule haijawahi kuona mwali wa leza, na modeli ya kwanza wakaikata kwa kisu kutokana na michoro iliyochapishwa kwenye karatasi za A4. Vipimo havitabadilika siku mashine ikipatikana, isipokuwa unene wa ubao na upana wa mwali.

Jedwali lenyewe halina haja ya kuwa refu. Latitudo na mwelekeo wa jengo. Idadi ya wanafunzi na ukubwa wa dawati. Kina cha udongo mweusi kabla ya kufika kwenye ardhi ngumu, kipimwe kwa shimo, na upana wa nyufa za kiangazi kwenye kiwanja chenyewe. Usawa wa juu ambao maji yamewahi kufika, ambao wazee wa jirani wanaukumbuka na unaweza kuwekewa alama kwenye mti. Urefu halisi wa mbao na bati zinazouzwa Bariadi, kwa sababu paa lililopangwa kwa bati lisilokuwepo dukani huishia kuwa na upenu mfupi. Mbele ya kila namba iwepo safu ya jina la aliyepima na tarehe, na ya mwisho iwe ya saini ya mhandisi wa halmashauri. Nakala moja ibaki ofisini kwake, na nyingine ibandikwe ukutani kwa mwalimu mkuu, pale kamati inapokutana.